Dereva Asiyewahi Kukata Majani

Nchi yenyewe msiniulize jina. Ilikuwa nalo, jina zuri tu la kuimbika, lakini serikali ililipeleka kufanyiwa maboresho na mpaka leo halijarudi. Watu wanaishi hivyo hivyo, na kodi wanalipa.

Katika nchi hiyo kila jambo lilikuwa na sababu nyingi isipokuwa ajali ya barabarani. Ajali ilikuwa na sababu moja tu, nayo ilijulikana hata kabla gari halijaanguka: uzembe wa dereva. Daraja likikatika, uzembe wa dereva. Barabara iliyozinduliwa kwa ngoma na utepe ikimeguka kama mkate wa juzi, uzembe wa dereva. Kuna mwaka ng'ombe alitumbukia mtoni peke yake, hapakuwa na gari wala baiskeli karibu, na kamanda wa polisi akawaambia waandishi wa habari kwamba dereva alikimbia baada ya tukio na anatafutwa. Waandishi wakaandika. Na nasikia alipatikana, akafungwa.

Sasa, magari ya biashara katika nchi hiyo yalitakiwa kuwa na bima, maana bila bima lori halitoki getini. Bima ni kitu kizuri sana, jamani. Unalipa kila mwaka bila kukosa, ili siku ukipata ajali awepo mtu wa kukueleza kwa upole kwa nini hulipwi. Lakini hata huko kueleza kukawachosha watu wa bima. Wakaenda kulia serikalini: kama kila ajali ni uzembe wa dereva, kwa nini wenye malori wanaajiri madereva wazembe? Si waajiri wasio wazembe? Serikali ikashangaa jinsi jambo lilivyokuwa rahisi. Ikaunda Mamlaka ya Usafi wa Madereva wa Magari ya Biashara, ikaipa jengo la vioo, bustani, na Mkurugenzi Mkuu aitwaye Dokta Balthazari Ngomeni. Dokta Ngomeni hakuwa amewahi kushika usukani maishani mwake, na hiyo ndiyo ilikuwa sifa yake kubwa. Wenzake wote walioomba ile kazi walishawahi kukwaruza gari mahali.

Mbele ya jengo ukapandwa mti, mkungu mkubwa wenye majani mapana. Uliletwa na kreni ukiwa umeshakua tayari, ili Mheshimiwa Mkurugenzi asipate tabu ya kusubiri, akaumwagia kikombe cha maji mbele ya kamera. Kibao kikawekwa kusema kwamba ameupanda yeye.

Mamlaka ikatoa Kiwango. Mwajiri atakayeajiri dereva nje ya Kiwango, bima ya malori yake yote inafutwa siku hiyo hiyo.

*

Siwema Lukindo alikuwa afisa ajira wa kampuni ya Tindwa, iliyobeba unga kutoka kwenye vinu vya milimani kuuteremsha mjini. Baina ya milima na mji kulikuwa na mteremko unaoitwa Jikaze, kona juu ya kona, ukungu asubuhi, utelezi jioni. Kaka yake Siwema, Mshamu, alikuwa dereva wa kampuni hiyo hiyo, na Jikaze alikuwa anaijua kama sebule ya kwake. Mshahara wa lori ndio uliomsomesha Siwema mpaka akapata hicho kiti cha kuzunguka alichokalia.

Madereva wa nchi ile walikuwa na desturi yao ambayo hakuna aliyefundishwa darasani. Gari likiharibika kwenye kona, dereva anachukua panga kutoka chini ya kiti, anakata matawi yenye majani, anayatandaza barabarani kuanzia mbali kabisa mpaka lilipo gari. Anayekuja akiyaona anaondoa mguu kwenye mafuta. Haulizi. Anajua mbele kuna kitu kimekufa njiani. Mshamu alikuwa mkali sana kwenye jambo hilo. Alikuwa na ugomvi na kila dereva anayesogeza majani ya mwenzake ili apite haraka.

"Majani hayatolewi mpaka kilichoharibika kimeondolewa," alikuwa akisema, hata mezani, hata watoto wakimwaga uji. "Wewe hujui kilichopo mbele. Aliyeweka ndiye anayejua."

Basi Siwema akaitwa semina. Ukumbi ulikuwa na baridi ya kiyoyozi mpaka watu wakajifunika makoti. Dokta Ngomeni akapanda jukwaani, akawataja wakubwa wote waliokuwepo, kisha wote waliotuma udhuru, kisha akasema itifaki imezingatiwa, wakati huo chai ya saa nne ilikuwa imeshapoa.

"Ndugu waajiri," akasema, "tumefanya utafiti wa kina. Tumegundua kwamba madereva wote waliopata ajali katika nchi yetu, kabla ya ajali hizo, walikuwa na tabia ya kuendesha magari."

Makofi.

"Kwa hiyo uzoefu ni kihatarishi! Dereva safi ni yule ambaye halijamkuta jambo. Hajapata pancha. Hajafunga breki ghafla, maana anayefunga breki ghafla ameona kitu, na mtu mwenye tabia ya kuona vitu hatufai. Lakini ndugu zangu, uchafu ulio mkubwa kuliko wote ni majani." Hapo akashusha sauti kama anataja ugonjwa wa aibu. "Jani barabarani ni nini? Ni dereva anakiri hadharani kwamba gari limemshinda. Anakiri kwa kutumia mimea! Mgeni anakuja kuwekeza, anakuta majani, anasema kumbe magari ya nchi hii yanaharibika. Sasa ni marufuku. Na dereva yeyote aliyewahi kukata majani maishani mwake, asiajiriwe."

Siwema akanyoosha mkono. Aliyekaa naye akamvuta sketi kumrudisha chini, lakini alikuwa ameshasimama.

"Mheshimiwa, samahani. Gari likizima kwenye kona ya Jikaze, dereva afanye nini?"

"Dada yangu, gari la dereva safi halizimi."

"Likizima je?"

"Basi hakuwa safi, na huyo si wa kwetu tena."

"Na wanaokuja nyuma yake?"

Dokta Ngomeni akatabasamu, tabasamu la mtu anayemhurumia mwenye akili ndogo. "Wanaokuja nyuma nao wawe safi. Hata hivyo Mamlaka haina roho mbaya. Kwa wale watakaong'ang'ania kuharibikiwa, kutakuwa na Kibali cha Tahadhari, kitakachotolewa ofisini kwetu saa za kazi."

Makofi tena, na pilau likaingia. Siwema hakula. Watu wawili wa meza yake wakagawana sahani yake bila kumwuliza.

*

Bosi Tindwa hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye malori, basi. "Siwema mwanangu," alimwambia, "mimi sina ugomvi na dereva yeyote. Lakini lori bila bima ni chuma chakavu. Waulize Mamlaka inavyotaka waulizwe, na asiyefaa aende na baraka zangu."

Wakaanza kuitwa upya mmoja mmoja, wakongwe kwanza. Wa kwanza alikuwa mzee mwenye vidole vilivyokakamaa kwa usukani. Siwema akamsomea swali: amewahi kufunga breki ghafla?

"Mwanangu," akasema yule mzee, "siku moja, hapo hapo getini. Kama nisingefunga usingekuwa na huyo bosi wako. Alikuwa anavuka huku anaongea na simu."

Kafeli. Bosi Tindwa alimsindikiza mwenyewe mpaka nje, akamshika mkono kwa mikono miwili, na kwa kweli macho yake yalikuwa na machozi.

Wakafeli hivyo hivyo wengine, watu walioteremka Jikaze maisha yao yote na kurudi nyumbani wazima. Wenye akili zao, baada ya kusikia yaliyowapata wenzao, wakaanza kujibu hapana kwa kila kitu. Pancha? Hapana. Breki? Hapana. Majani? Majani ndiyo nini? Wakapita, wakapewa kadi za usafi. Na aliyepita kwa alama za juu kuliko wote, ambaye Mamlaka ilimpiga picha na kuibandika kwenye kalenda yake, alikuwa Mwalimu Zefania, mwalimu wa kwaya, mtu mpole mwenye sauti ya nne.

"Umewahi kupata pancha?" Siwema alimwuliza.

"Ya nini?"

"Ya gari."

"Gari gani, mama?"

Hakusema uongo hata neno moja, maskini. Alikuwa anatafuta kazi yoyote. Akafundishwa kuendesha lori kwenye uwanja wa mpira, golini mpaka golini, maana Kiwango hakikukataza dereva kujifunza, kilionya tu asizidishe.

Mwishoni akaingia Mshamu. Alivua kofia, akakaa, akamtazama mdogo wake upande wa pili wa meza, akacheka.

"Haya, afisa. Uliza."

Siwema akauliza mpaka akafika pale. "Je, umewahi kukata majani?"

"Siwe, unaniuliza mimi swali hilo?"

"Kaka, nauliza kama ninavyouliza wote."

"Basi andika. Mwaka ule wa mvua kubwa, lori la mafuta limelala katikati ya Jikaze, dereva wake amebanwa. Nilikata matawi mpaka panga likapata moto mkononi. Basi la watu wa harusi likaja linaimba. Likaona majani, likasimama, likasimama karibu mno nikamwona bibi harusi ananitazama. Andika hivyo. Andika na bibi harusi."

"Kaka, sema hapana."

Mshamu akaacha kucheka.

"Wifi ana mimba," Siwema akasema, sauti yake ikiwa chini. "Watoto wako wanasoma. Ukisema ndiyo leo unatoka hapo mlangoni huna kazi, si hapa tu, nchi nzima. Ni neno moja tu. Sema hapana, kaka, nakuomba."

"Nikawakane watu wa basi lile?"

"Hawatajua."

Mshamu akaigeuzageuza kofia yake mikononi. Kisha akasema hapana, akiisemea sakafu, na Siwema akaweka alama ya vyema. Wakati wa kutoka Mshamu akatoa panga lake chini ya kiti cha lori, maana mapanga nayo yalikuwa yamekatazwa, akamkabidhi dada yake. Badala yake akapewa picha ya Dokta Ngomeni ya kutundika ndani ya lori, iliyoandikwa NIKO NAWE SAFARINI. Panga Siwema alilisukumia chini ya meza yake ya ofisi, na tangu siku hiyo kila akinyoosha miguu likawa linamgusa.

*

Mambo yakawa mazuri sana. Ajali zilipungua, kwa sababu kuripoti ajali kulikuwa kunachafua. Malori yaliyozimika yalikaa barabarani kimya kimya, kwa adabu, bila hata jani moja la kuwatia watu wasiwasi. Bima ikatoa taarifa kwamba haijalipa mtu, na kwamba huo ni ushahidi wa usalama. Huko Jikaze kila mti ulipakwa chokaa, ukapewa namba, na wakaajiriwa walinzi wenye filimbi kuangalia usikatwe. Walinzi wa miti walikuwa na sare, na buti, na makoti ya mvua. Kingo za barabara hazikuwa na kitu. Zilianguka bondeni zamani, na bajeti ya kuzirudisha ilikuwa ndiyo hiyo iliyonunua filimbi.

Ndipo Mamlaka ikaanza kujiandaa kwa sherehe ya Mwaka wa Kwanza Bila Majani, ingawa mwaka wenyewe ulikuwa bado haujafika hata nusu.

Asubuhi moja, katika maandalizi hayo hayo, simu ya Siwema ikalia. Alikuwa Mshamu.

"Siwe, ekseli imekatika. Niko Jikaze, kona ya tatu, lori limekaa katikati. Nimeweka mawe kwenye tairi. Ukungu ni mzito, sioni hata mkia wa tela langu mwenyewe." Alikuwa anahema. "Niambie. Nikate majani?"

Siwema akajua anaulizwa nini. Jani moja likionekana, kadi ya usafi ya Mshamu inachanwa na malori yote ya Tindwa yanalala, na madereva wote waliosema hapana wanalala nayo.

"Ngoja nikuombee kibali," akasema. "Ngoja kaka, usikate kwanza."

Akapiga Mamlaka. Akapigiwa muziki. Kisha akapokea kijana mwenye sauti tamu.

"Kibali kipo, mama, wala usihofu. Dereva aje na kitambulisho chake, na gari lije likaguliwe kama kweli limeharibika."

"Limeharibika. Haliwezi kuja."

"Kama haliwezi kuja, sisi tutajuaje kwamba limeharibika?"

"Baba, kuna mtu amesimama kwenye kona na ukungu! Nipe Mkurugenzi!"

"Mkurugenzi yuko kwenye kikao cha kuchagua keki, mama. Nikuwekee miadi?"

Siwema akakata. Kwa hasira akakosea kubonyeza jina la kaka yake, akampigia fundi bomba, akakata, akapiga tena.

"Kata!" akapiga kelele, ofisi nzima ikageuka. "Kata kaka, kata mti mzima, nitajibu mimi!"

"Kwa panga gani, Siwe?" Mshamu hakusema kwa kulaumu, na hilo ndilo lililomwumiza zaidi. "Hapa nina picha tu. Nimevua shati, napunga shati. Ngoja nijaribu kuvunja kwa mikono. Usikate simu."

Hakukata. Akasikia tawi linapasuka. Akasikia filimbi ya mlinzi wa mti, inapulizwa kwa nguvu zote, na mtu anafoka, "Wewe! Wewe namba ishirini na moja hiyo! Acha!" Akasikia kaka yake anasema, "Mwanangu, njoo unisaidie tu." Kisha akasikia honi ya lori linaloteremka, honi ndefu, ya furaha, yenye mdundo kidogo, na akaitambua. Ilikuwa honi ya Mwalimu Zefania.

*

Mwalimu Zefania alivunjika miguu yote miwili. Alipohojiwa hospitali alilia kama mtoto. "Nilimwona," alisema. "Nilimwona ananipungia shati. Nikadhani ananisalimia. Nikampigia honi." Hakuna aliyewahi kumwambia maana ya mtu anayepunga shati kwenye kona. Uzoefu ndio ungemfundisha, na uzoefu ni kihatarishi.

Kamanda wa polisi alitoa taarifa kabla ya saa sita. Chanzo cha ajali kilikuwa uzembe wa dereva, marehemu Mshamu Lukindo. Watu wa bima nao walifika haraka kuliko gari la wagonjwa, wakampekua marehemu, na kwenye kiganja chake kilichokaza wakakuta majani mabichi. Wakayapiga picha. Wakayaweka kwenye mfuko wa plastiki. Wakamweleza Hidaya, mjane wake, kwa upole, kwamba marehemu amekutwa na majani mkononi, kwa hiyo alikuwa amekiri, kwa hiyo hakuna malipo. Hidaya alikuwa amekaa kwenye mkeka na tumbo lake, akawatazama midomo yao inavyokwenda.

"Wifi," akamwuliza Siwema, "wanasemaje hawa?"



Na Dokta Ngomeni akaja msibani, ndiyo, alikuja, na kamera zake. Wakampa kiti cha mbele na maji ya chupa. Akasimama kutoa salamu za Mamlaka.

"Ndugu wafiwa, marehemu alikuwa dereva safi kabisa. Nimeangalia majibu yake mwenyewe. Safi! Alikuwa mfano. Kwa bahati mbaya, dakika ya mwisho ya maisha yake aliteleza, akajaribu kuvunja tawi. Tujifunze kwa hilo. Hata hivyo Mamlaka imemsamehe, na mti ule unaendelea vizuri."

Waombolezaji wengine waliinamisha vichwa. Wengine, nachukia kuwasema lakini nitawasema, walipiga makofi, maana mkono ukizoea unapiga wenyewe. Siwema aliuma kanga yake mpaka ikatoboka. Alikuwa anataka kupiga yowe, si la msiba, la mtu anayeibiwa mchana kweupe huku mwizi akipewa kiti. Alimtazama yule mtu anavyokunywa maji. Alijitazama na yeye, afisa mwenye kiti cha kuzunguka, aliyemwambia kaka yake aseme hapana, aliyechukua panga mkononi mwake, aliyesema ngoja. Hasira yake ilikuwa na kazi ya kufanya kwa watu wawili, na mmoja wao alikuwa yeye.

*

Msiba ulipoisha na mikeka kukunjwa, Siwema hakwenda nyumbani. Alipita ofisini, akainama chini ya meza, akatoa panga. Bosi Tindwa alimkuta mlangoni.

"Siwema, unakwenda wapi na hilo?"

"Kukata majani, Bosi."

"Siwema! Malori yangu! Bima!"

"Malori yako yana bima, Bosi. Nenda kamwulize Hidaya inafananaje."

Akamwacha pale kibarazani.

Ilikuwa asubuhi ya sherehe yenyewe. Mbele ya jengo la vioo kulikuwa na maturubai, viti vya vitambaa vyeupe, bendi, keki yenye umbo la lori. Mlinzi wa geti alimwona mwanamke aliyevaa nguo za msiba anakuja na panga, akataka kumwuliza kama ana miadi, lakini alipomtazama usoni akakumbuka kwamba zamu yake ilikuwa upande wa nyuma. Siwema akafika kwenye mkungu wa Mheshimiwa. Akauanza. Alikata tawi la kwanza analia, la pili analia, la tatu machozi yalikuwa yamekwisha na mkono umepata nguvu. Bendi ikaacha kupiga. Akakokota matawi nje ya geti mpaka kwenye barabara kuu, akaenda mbali, kule kabisa barabara inapopinda, akaanza kuyatandaza kama kaka yake alivyomfundisha: machache kwanza, kisha mengi, kisha mengi zaidi, kurudi mpaka kwenye lango la Mamlaka.

Lori la kwanza likatokea kwenye kona, limebeba simenti. Dereva wake alikuwa na kadi ya usafi kifuani. Alikuwa ameapa mbele ya afisa kwamba hajui majani ni nini. Akayaona. Mguu wake ukatoka kwenye mafuta wenyewe, lori likapunguza, likasimama. Akashuka. Akayafuata majani kwa macho mpaka yalipoishia, akaona jengo la vioo, akaona keki, akaona mwanamke mwenye panga. Akarudi akazima injini.

La pili likasimama nyuma yake. La tatu. La mchanga, la magodoro, la mafuta, la maziwa, matela ya kwenda mpakani. Wote walikuwa safi. Wote walikuwa na kadi. Na wote, walipoyaona majani, walijua. Hapo ndipo nchi ilipoona ni watu wangapi walisema hapana huku wakiitazama sakafu. Hakuna aliyepiga honi. Walishuka wakasimama kando ya malori yao na kofia mikononi, mstari ukaenda mpaka nje ya mji, na hakuna aliyepita, ingawa nafasi ya kupita ilikuwepo.

Mwishowe king'ora kikasikika. Lilikuwa gari la Dokta Ngomeni, anakuja kukata keki. Askari wa pikipiki walilipitisha pembeni mwa malori yote, mpaka likafika mbele kabisa, kwenye majani. Likasimama.

"Kuna nini?" akauliza Dokta Ngomeni kutoka kiti cha nyuma, bila kuinua macho kwenye hotuba yake.

"Majani, Mheshimiwa," akasema dereva wake.

"Majani gani? Pita juu."

Dereva hakupita. Alikuwa mtu mzima, aliyemwendesha Mheshimiwa tangu Mamlaka ilipoanza, na Mheshimiwa hakuwa amewahi kumwuliza jina.

"Basi shuka uyatoe! Watu wananisubiri!"

Dereva akavuta breki ya mkono. Akazima gari. Akachomoa ufunguo, akautia mfukoni mwa shati lake.

"Hayatolewi, Mheshimiwa."

"Nani kasema hayatolewi? Kwa nini?"

"Mpaka kilichoharibika kimeondolewa," akasema dereva, na akageuka kwenye kiti chake, akamtazama.